Kipimo cha Mtu Aliyepumzika

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu Dokta Prosper, kila anapowasimulia wenzake kisa hiki, hulipitisha juu juu kana kwamba ananisitiri, nami sipendi kusitiriwa kwa jambo ambalo nimeshalikubali.

Mimi ni Nasma, mzaliwa wa Pangani, na kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo. Nilipangiwa Tukuyu, huu ni mwaka wa tatu. Mvua nimeizoea, baridi bado, na sitazoea kuulizwa kila asubuhi kama sweta moja inanitosha. Hospitali yenyewe sitaitaja. Chumba changu kiko mwisho wa korido, kina kitanda, kompyuta, mashine yenye nyaya ishirini na moja, na dirisha lisilofunga vizuri.

Watu wengi hudhani nasoma mawazo. Bibi mmoja alikataa kata kata nisimvalishe kofia ya nyaya mpaka nimwapie kwamba sitaona alipoficha hati ya shamba. Ninachopima ni kitu cha kawaida zaidi. Mtu akilala akafumba macho, bila kufanya wala kungoja lolote, ubongo wake haunyamazi. Nyuma ya kichwa hutoka mawimbi yaliyopangika, manane hadi kumi na mawili kwa sekunde, na ukiyaona mara moja hutayasahau. Akifumbua macho, au akishtuka, au akikaa roho juu, yanapotea. Akitulia, yanarudi. Kwa hiyo sharti la kwanza la kipimo ni kwamba mgonjwa awe amepumzika, na kuhakikisha hilo ni jukumu langu, si la mtu mwingine.

Mzee Anyosisye aliletwa kwetu kutoka Mbeya. Alikuwa mkulima wa chai na parachichi kutoka Suma, umri wake sabini na mmoja, aliyegongwa na bodaboda akivuka barabara pale Kiwira. Mbeya walimpasua, wakatoa damu iliyovilia kichwani, wakampiga picha. Ubongo wa juu ulionekana mzima kwa sehemu kubwa, lakini mwenyewe hakuamka. Asubuhi alifumbua macho, jioni akayafumba. Ukimwita hageuki, ukimfinya havuti mkono. Alikuja na mpira wa kulishia puani na barua ya kurasa mbili.

Aliyemuuguza alikuwa Tulia, mke wa mwanawe wa pekee. Huyo mwana, Asajile, ni dereva wa lori la parachichi, leo yuko Makambako, kesho Dar. Mke wa mzee alishafariki, na dada yake hawezi hata kushuka ngazi. Hospitalini kwetu nesi anatoa dawa na kufunga kidonda. Kuosha, kubadilisha shuka, kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda vya mgongo, hayo ni ya ndugu. Tulia aliyafanya yote kwa siku arobaini na tatu, na mgongo wa yule mzee haukuwa na hata lengelenge.

Sikumpenda mwanzoni. Siku ya kwanza nilimuuliza jina la mgonjwa nijaze fomu, akanyamaza. Nikauliza tena, akanionyesha kadi kwa kidole. Nikajisemea huyu dada ana dharau, nikajaza mwenyewe huku nimenuna.

Dokta Prosper ni bingwa wa mishipa ya fahamu, anakuja kwetu kutoka Mbeya wiki moja kila mwezi. Alitaka kipimo changu kwa sababu maalumu, na alinieleza akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Picha ya Mbeya, alisema, inaonyesha kwamba ubongo wa juu upo. Haionyeshi kama bado umeunganishwa. Katikati ya kichwa kuna kiini kinachoendesha yale mawimbi ya mapumziko, na kutoka hapo kwenda juu zinapita nyuzi nyembamba kwa maelfu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, nyuzi hukatika bila picha ya kawaida kuona. Zikikatika, ubongo hauwezi hata kupumzika inavyotakiwa. Mvua ikinyesha hapa Tukuyu maji hupita kwenye mitaro iliyochimbwa, na mitaro ikifukiwa unapata tope uwanja mzima. Vivyo hivyo ubongo uliokatika nyuzi hautoi mawimbi yaliyopangika, unatoa fujo nzito ya polepole.

"Nitazamie nyuma ya kichwa tu," alisema. "Yakiwepo, nina kitanda kimoja Mbeya kwenye wodi ya mazoezi, nakishikilia hadi Ijumaa. Yasipokuwepo, nitawaambia wamrudishe nyumbani."

Kumrudisha nyumbani maana yake kila mtu aliijua. Mpira wa puani ungeziba siku moja huko Suma, na hakuna wa kuubadilisha.

Jumatatu nilimpima. Msaidizi wangu alikuwa likizo. Kishungi cha nyaya kilikuwa kizito, kikimvuta mgonjwa kichwa upande, kwa hiyo nikamwambia Tulia aketi hapo kitandani, karibu kabisa na kichwa, akishike. Akanitazama. Nikamwambia aketi, nina wagonjwa wengine. Akaketi, akajifunika kanga mpaka usoni, akashika nyaya huku ameangalia ukuta. Nikamfumba mzee macho kwa bandeji laini, nikawasha mashine.

Nusu saa nzima nyuma ya kichwa hapakuwa na kitu. Mistari ilikuwa bapa, yenye mikunjo ya polepole, na mbele ya uso misuli ilikuwa imekaza ikinichafulia rekodi yote. Niliongeza dawa ya kugandishia, nikasahihisha nyaya mbili, haikusaidia. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika hali ya mgonjwa, nikaandika "amepumzika". Kuna mahali pa kuandika waliokuwemo chumbani, nikaandika "hakuna". Ndugu anayeshika nyaya sikumhesabu kuwa mtu.

Dokta Prosper alisoma, akatikisa kichwa. Jumanne alimpigia Asajile simu, akamweleza kwa upole. Asajile alilia akiwa ameegesha lori pembeni ya barabara, kisha akasema atafika Jumamosi na gari la kumchukua baba yake. Tulia alisimama pale akisikiliza upande mmoja wa simu. Aliuliza jambo moja tu, kama aendelee kumgeuza kila baada ya saa mbili au sasa basi. Nesi wa wodi, Sista Veronika, akamwambia aendelee.

Jumatano saa nane mchana nilikuwa nahamisha rekodi za wiki kwenda kwenye diski. Ya Mzee Anyosisye ilikuwa ndefu kuliko nilivyoandika. Nikakumbuka kwa nini. Nilipomaliza nilimtuma Tulia akalete maji ya moto ya kumtolea mgonjwa dawa nywelini, na papo hapo mwenye nyumba wangu wa Makandana akanipigia kuhusu choo kilichoziba. Tukagombana. Mashine niliisahau, ikaendelea kuandika dakika nne na nusu, mgonjwa akiwa peke yake kitandani nami niko koridoni nabishana kuhusu choo.

Nikasogeza rekodi mpaka huko mwisho. Dakika ya kwanza ilikuwa bapa kama kawaida. Kisha misuli ya uso ikalegea, na nyuma ya kichwa yakaanza kutokea mawimbi, mawili matatu, yakapotea, yakarudi marefu zaidi. Nikayahesabu kwa kidole kwenye kioo. Yalikuwa tisa kwa sekunde. Yalikaa dakika tatu, na yakakatika ghafla, kwa mkupuo. Saa ya mashine ilionyesha muda ule ule Tulia alipoingia na beseni la maji.

Kwanza nilishuku mashine. Umeme wa ukutani huchafua rekodi, lakini huo huenda mara hamsini kwa sekunde. Nilishuku chaja ya simu, nikakumbuka simu ilikuwa sikioni mwangu. Nikashuku usingizi, ila usingizi hauna sura ile. Nilipokosa cha kushuku nikaenda wodini kumuuliza Sista Veronika. Yeye ni Mnyakyusa wa huku huku, ana miaka thelathini kazini. Nilimuuliza yule dada Tulia ana nini hasa na mzee, mbona akitoka chumbani mgonjwa anatulia na akiingia anakaza.

Sista Veronika aliacha kukunja shuka. Aliniuliza Tulia alikuwa amekaa wapi. Nikamwambia kitandani, karibu na kichwa. Akaniuliza nani alimwambia aketi hapo. Nikamwambia mimi.

"Wewe mtoto wa Pangani," alisema, "ulimketisha mkamwana kwenye mto wa baba mkwe wake?"

Akanieleza. Vijana wa mjini wameanza kuiacha mila hii, lakini ukoo wa mzee yule unaishika. Mke wa mtoto haketi chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye, jina lake halitaji. Wakikutana njiani mwanamke anapisha porini. Tulia ameolewa miaka kumi na moja, chakula cha mzee anakipika yeye na watoto ndio wanaokipeleka. Mzee naye akitaka kuingia uani hukohoa kwanza, mkamwana apate kujitenga. Ni heshima, na inakwenda pande zote mbili.

Nikauliza sasa imekuwaje amwoshe. Sista Veronika akasema wazee wa ukoo na mchungaji walikaa kikao baada ya ajali. Madaktari walikuwa wameshasema mzee hajitambui. Kikao kikaamua kwamba kilichobaki pale ni mwili, na mwili hauna mkwe. Ndipo Tulia akakubali.

Nilirudi chumbani kwangu, nikakaa. Hapo ndipo nilipokumbuka ile fomu na jina ambalo hakulitaja, na dharau niliyompachika. Niliona haya, tena haya ya kutosha.

Dokta Prosper nilimkuta anakula ndizi za nyama kantini. Alisikiliza, akaacha kijiko, akanifokea mbele ya watu. Kisha akatulia akasema dakika nne hazitoshi, zinaweza kuwa bahati. Arudiwe kesho. Kwanza aingie mtu mwingine, Sista Veronika kwa mfano, tuone mawimbi yanafanya nini. Halafu aingie Tulia, atoke, mara tatu, bila kusema neno. Kama ubongo unabadilika kwa Tulia na haubadiliki kwa Veronika, basi nyuzi zipo, na si hivyo tu.

"Miaka kumi na moja ya kujitenga imechimba njia zake mle ndani," alisema. "Mtu akipumzika, ndizo zinazompitisha. Kama yule mzee anajua ni nani ameingia bila kuona, basi yupo."

Alifurahi, nami nilifurahi, na tungeendelea kufurahi kama si lazima mtu amweleze Tulia. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Nilimkuta bombani nyuma ya wodi anafua shuka za mzee. Nilimwomba radhi kwa siku ya Jumatatu. Akasema si kitu, mgeni hajui. Nikamweleza kipimo kipya, kwa maneno mepesi, hatua kwa hatua. Aliendelea kufua. Nilipofika kwenye kuingia na kutoka mara tatu, mikono ikasimama ndani ya povu.

Akaniuliza kama inawezekana kumtumia mtu mwingine. Nikamwambia hakuna mwingine ambaye mzee angemjua kwa hatua tu. Akauliza kama yale mawimbi yakibadilika maana yake nini. Hapa ningeweza kuzunguka. Nilimwambia maana yake mzee atapata kitanda Mbeya, na huenda akaamka, si lazima, lakini huenda.

"Na maana nyingine?" akauliza.



"Maana nyingine ni kwamba siku zote hizi alijua," akajijibu mwenyewe. "Nimemvua nguo kila asubuhi. Nimemwosha kila mahali, daktari. Waliniambia hayupo."

Mimi si daktari, ila haikuwa wakati wa kusahihishana. Nilitaka kumwambia kwamba alichofanya ni kizuri, kwamba ndicho kilichomweka hai, na yote hayo ni kweli, lakini niliona wazi kwamba si mimi wa kumwambia. Alisuuza shuka, akazikamua, akazianika kwenye kamba moja moja akizinyoosha pembe. Nilimpigia Asajile. Alipiga kelele za furaha kwenye simu mpaka nikaitoa sikioni, akasema bila shaka afanye, kwani kuna nini, ni kuingia na kutoka tu. Sikumpa Tulia simu ile. Niliikata.

Jioni ile hakuja kunipa jibu. Alhamisi saa tatu asubuhi nilimkuta amesimama koridoni mbele ya mlango wangu, amevaa gauni la kwendea kanisani. Akasema tufanye.

Nilimvalisha mzee kofia, nikamfumba macho kwa bandeji, na safari hii nikafunga kishungi cha nyaya kwenye nguzo ya dripu. Nikafunga dirisha kwa plasta. Dokta Prosper akakaa na mimi nyuma ya pazia penye kioo cha kompyuta. Tukasubiri. Baada ya dakika sita mawimbi yakaja, tisa kwa sekunde, yamejipanga kabisa, na Dokta akaninong'oneza kwamba nyuzi za mzee huyu ni nzuri kuliko zangu.

Sista Veronika akaingia, akasimama karibu na kitanda dakika moja. Mawimbi yalitikisika kidogo yakarudi. Akatoka.

Akaingia Tulia. Alivua ndala mlangoni, akapiga hatua nne, akasimama. Hakusema kitu. Mistari ya nyuma ikawa bapa papo hapo, na misuli ya uso ikakaza. Nikaandika saa. Akatoka, na sekunde arobaini baadaye mawimbi yakarejea. Akaingia mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu, vile vile. Dokta Prosper alinyoosha ngumi juu kimya kimya kama aliyefunga goli.

Tulia hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa bado amesimama ndani, mara ya tatu, na kutoka pale alipo aliziona nyuso zetu pembeni ya pazia. Dokta akampa ishara kwamba tumemaliza, anaweza kutoka. Hakutoka.

Alipiga magoti pale pale sakafuni, akaangalia chini. Miaka kumi na moja hakuwahi kusema na mtu yule.

"Tata," alisema, yaani baba, "ni mimi mama Gift. Niliyekuosha ni mimi. Mwanao yuko barabarani, shangazi hawezi, hapakuwa na mtu. Waliniambia umeshaondoka, ndiyo maana nikathubutu. Sasa wanasema upo. Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukafikiri nilikudharau. Kesho utakwenda Mbeya, wanaume watakuosha. Lakini leo bado hujaoshwa, na niko mimi tu."

Dokta Prosper alinyoosha mkono kuzima mashine. Nikampiga kofi mkononi, na hilo silijutii.

Mistari ilibaki bapa muda mrefu. Mvua ilianza kunyesha nje. Tulia hakuinuka, hakuongeza neno, na nadhani alikuwa anangoja kufukuzwa. Kisha misuli ya paji la uso ikalegea, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Nyuma ya kichwa likatokea wimbi, likapotea. Yakatokea matatu. Yakapotea. Halafu yakaja yakakaa, tisa kwa sekunde, mstari mzima kutoka ukingo wa kioo hadi ukingo, na mkamwana yuko mle mle chumbani, umbali wa mkono kutoka kitandani.

Alisikia nimevuta pumzi. Akauliza bila kuinua macho kama mzee amekasirika.

"Hapana," nikamwambia. "Amepumzika."